Abiria Themanini wa Mezani

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita tulimwacha Karani jikoni kwake, kiberiti mkononi, fomu themanini zimejazana ndani ya karai la kufulia, na mtu anabisha hodi. Wapo wasomaji walioniandikia kunilaumu kwamba nimewaacha roho juu wiki nzima. Poleni. Karani mwenyewe alikuwa na hali mbaya kuliko yenu.

Kwa uliyepandia njiani, mambo yako hivi. Kampuni ya mabasi iliomba kupandisha nauli na kufuta tiketi ya kuunganisha, ile tiketi moja iliyokuwa inakuvusha mabasi mawili. Baraza la Usafiri likasema kwanza waulizwe abiria. Karani akapewa fomu mia tatu akawahoji watu vituoni. Mia mbili na ishirini alizijaza kihalali, jua likimpiga utosini. Wiki ya mwisho mvua ikaugandama mji, viatu vikaachama midomo, na siku ya kukabidhi kazi ilikuwa Jumatatu.

Jumapili akakaa mezani kwake na kalamu tatu tofauti, akajitungia abiria themanini.

Na kwa nini wote themanini walijibu kwamba nauli mpya wataimudu? Hakuhongwa mtu hapa. Fomu yenyewe ndivyo ilivyotengenezwa. Mhojiwa akijibu Hapana, karani anatakiwa kwenda Sehemu C, yenye maswali kumi na moja. Akijibu Ndiyo, unairuka Sehemu C yote, unaandika maelezo ya mstari mmoja, umemaliza. Karani alikuwa amechoka, basi. Kwa uchovu huo wa Jumapili moja wasioweza wakageuka wachache kwenye karatasi, na Baraza likairuhusu nauli mpya kwa majaribio ya miezi mitatu. Sasa miezi hiyo imekwisha, na kesho ya siku hii ya kiberiti, saa tatu asubuhi, kilikuwa kikao cha kuamua kama itabaki moja kwa moja.

Sasa turudi mlangoni.

"Nani?"

"Ni mimi. Fungua, miguu inaniua."

Alikuwa Dada.

Karani akakitupa kiberiti nyuma ya jiko, akalifunika karai kwa taulo, akafungua. Dada akaingia akichechemea, akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona, akavua viatu kabla hata ya salamu kuisha. Visigino vilikuwa vimetumbuka malengelenge.

"Umetembea tena leo?"

"Basi la kwanza nimepanda. La pili nimeliacha liende zake. Kwani ni mwendo gani? Saa moja na nusu tu. Wenzangu wanalipia mazoezi."

"Na kazini wanasemaje?"

"Wamenipa barua ya onyo la mwisho. Msimamizi anasema mashuka ya wodini hayasubiri mtu. Nikichelewa mara moja nyingine, nakabidhi aproni." Akakisugua kisigino. "Hatujafa."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Mama yao alipofariki, Karani alikuwa na miaka kumi na Dada ishirini na sita. Dada akaacha chuo cha ushonaji, akaingia chumba cha kufulia cha hospitali, na kwa mashuka ya wagonjwa akamsomesha mdogo wake mpaka akawa mtu wa ofisini. Ada ikipanda, Dada alisema, "Tutaimudu, hatujafa." Paa likiezuliwa na upepo, "Tutaimudu, hatujafa." Mchumba wake alipochoka kusubiri akaoa kwingine, Dada alilisema hilohilo, kisha akaenda kupiga pasi sare ya shule ya mdogo wake.

Karani alivitazama visigino vile akajua ni yeye aliyevitumbua. Alikwenda kuchemsha maji ya chumvi ili apate kumpa mgongo.

"Karai limejaa makaratasi," Dada alisema nyuma yake. "Siku hizi unafua vitabu?"

Taulo lilikuwa limeteleza.

"Ya ofisini hayo. Ya kutupa."

"Kama ni ya kutupa nipe moja, uniandikie nyuma yake. Nimechaguliwa kusema kesho kwa niaba ya abiria. Fundi Redio, kiongozi wa kamati yetu, kaja mwenyewe nyumbani, kasema, mama, wewe huna haja ya kueleza sana, ukionyesha miguu inatosha."

Dada alikwisha kuichomoa ya juu kabisa. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, maana miwani ilikuwa mkobani. Midomo yake ikaanza kuzifuatisha herufi kubwa za juu.

Karani akavuka jikoni kwa hatua mbili, akaipokonya.

"Hii imelowa. Ngoja nilete daftari."

"Ningejua zina thamani hivyo nisingezigusa," Dada akasema, akicheka.

Karani akaleta daftari na kalamu, akakaa mkabala naye. Dada akafumba macho kama mtu anayetafuta alikoweka ufunguo.

"Andika. Mimi ni mfua nguo wa hospitali, mwaka wa ishirini na mbili huu. Naishi mwisho wa barabara kwa sababu huko ndiko kodi inakolipika. Umeandika? Andika, nilikuwa natumia tiketi moja, sasa natakiwa mbili kwenda na mbili kurudi, na zote zimepanda. Andika, nauli hii siwezi."

Kalamu ikasimama.

"Niandike siwezi?"

"Limekushinda kuliandika?"

"Halijanishinda. Ila sijawahi kukusikia ukilisema."

"Mimi mwenyewe linanikwaruza koo. Nimelifanyia mazoezi njiani kutwa nzima, watu wanadhani naongea peke yangu. Andika kabla sijaghairi."

Karani akaliandika. Neno likatoka limepinda kama la mtoto wa darasa la kwanza. Ndani ya karai, sentimita chache kutoka mguuni kwake, ilikuwemo fomu namba mia mbili ishirini na nne. Hiyo aliijaza mwanzoni mwa ile Jumapili, alipokuwa bado anatafuta watu wa kuwaweka. Akamkumbuka Dada. Akajiuliza Dada angejibu nini, na jibu likamjia lenyewe bila kulitafuta. Alipofika kwenye maelezo akaandika lile neno lake, akatabasamu, akaona fomu imependeza na ina uhai.

Alitabasamu. Hicho ndicho kilichomkaba sasa.

"Dada," akasema. "Kuna kitu nataka nikuambie."

"Sema."

"Usikasirike kwanza."

"Una mimba?"

"Hapana."

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana, Dada. Ni kuhusu hizi—"

Mlango ukagongwa mara tatu, kwa nafasi sawasawa. Karani akaujua ugongaji ule. Anayegonga mlango kwa hesabu namna ile mjini kote ni mmoja tu, mkuu wa takwimu wa Baraza, ambaye wafanyakazi wake walimwita Kikokotoo kwa sababu alikuwa anapiga asilimia kichwani huku anakunywa chai.

"Shikamoo, dada," Kikokotoo alimwambia Dada, akainama kidogo.

"Marahaba, bosi. Karibu."

"Sikai. Mlinzi kaniambia umeondoka na mfuko wa fomu," akamgeukia Karani. "Nikasema huyu binti anajituma. Wenzake wanakimbilia nyumbani, yeye anabeba kazi. Ziko wapi?"

Kikokotoo alikwisha kuliona karai.

"Mbona umeziweka humo?"

"Paa linavuja," Karani akasema, na ule ulikuwa uongo wake wa themanini na moja.

"Umefikiri vizuri." Kikokotoo akazikusanya moja moja, akizinyoosha pembe. "Mwanasheria wa kampuni ya mabasi amezitaka hizi za mwisho hasa. Anasema zina mwandiko safi, haziko kama zile za mwanzo zenye matone ya jasho."

Akaaga, akaondoka na fomu zote kwapani. Kiberiti kilibaki nyuma ya jiko bila kazi.

"Bosi wako mtu mwema," Dada alisema. "Haya, ulitaka kuniambia nini?"

Karani akaliokota taulo.

"Nimesahau."

"Basi halikuwa kubwa." Dada akatia miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akashusha pumzi. "Kesho ukae mahali nitakapokuona. Nikikuona nitasema bila kutetemeka."

Asubuhi ukumbi wa Baraza ulifurika. Viti vilikwisha kabla ya saa mbili na nusu, watu wakajipanga ukutani, wengine wametoka zamu ya usiku wanasinzia kwa kusimama. Karani alikaa safu ya tatu pamoja na wafanyakazi wenzake, nyuma ya kisogo cha Kikokotoo. Alikuwa amevaa blauzi ya kijani ili aonekane, kama alivyoagizwa. Alijichukia kwa kuivaa.

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, asiyependa makofi.

"Kila atakayesema hapa atakula kiapo," alitangulia kusema. "Atakayesema uongo baada ya kuapa, na yeyote aliyeghushi karatasi ya Baraza hili, njia yake ni moja, mahakamani, na huko kuna jela. Sisemi kumtisha mtu. Nasema msije mkaniambia hamkuambiwa."

Karani akaivuta kola ya blauzi ya kijani.

Dada akaitwa wa kwanza. Alipanda jukwaani taratibu, akaapa, akaitoa ile karatasi ya daftari, akaikunja tena akairudisha mkobani. Akatazama safu ya tatu. Akaiona blauzi ya kijani. Mabega yakamshuka.

"Mimi nafua mashuka hospitalini," alianza. "Mgonjwa wako akilala kwenye shuka safi, huenda ni langu. Nimezoea kusema mambo yataenda tu. Nimeyasema maisha yangu yote. Leo nimekuja kusema hii nauli siwezi. Natembea saa moja na nusu asubuhi, saa moja na nusu jioni, na kazi yangu imebakiza siku moja ya kuchelewa. Siwezi, Mheshimiwa. Sina la kuongeza."

Hakuonyesha miguu. Hakukuwa na haja.

Makofi yakapasuka kutoka ukutani hadi mbele, na Mwenyekiti hakuyazuia. Aliiweka kalamu chini, akawaangalia wajumbe wenzake kushoto na kulia. Mmoja alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko. Fundi Redio, mzee mfupi aliyekuwa kiongozi wa kamati ya abiria, akamnong'oneza jirani yake kwamba mchezo umekwisha.

Karani naye alidhani hivyo. Kwa dakika moja nzima aliamini ameponea chupuchupu, kwamba Dada ameifuta dhambi yake bila hata kuijua. Akapumua.

Mwanasheria wa kampuni ya mabasi akasimama.

"Nina swali dogo tu kwa mama yetu. Pale hospitalini, chumba cha kufulia, wanawake mko wangapi?"

"Watano."

"Wanaopanda mabasi mawili ni wangapi?"

"Mimi peke yangu. Wenzangu wanakaa karibu."

"Ahsante." Akafungua jalada, akatoa karatasi moja yenye mwandiko safi. "Mheshimiwa Mwenyekiti, fomu namba mia mbili ishirini na nne. Mwanamke, miaka arobaini na minane. Kazi, mfua nguo wa hospitali. Mabasi, mawili. Swali, nauli ikipanda utaimudu? Jibu, Ndiyo. Na maelezo yake mwenyewe mhojiwa," akaisogeza karatasi kwenye mwanga, "yanasema hivi: Tutaimudu, hatujafa."

Mtu mmoja ukutani alicheka, akanyamaza.

Dada hakucheka. Alisimama palepale, mkono juu ya mkoba, akilisikia neno lake likitoka kinywani mwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Hakuna karani aliyewahi kumsimamisha kituoni. Hakuna aliyewahi kumuuliza chochote. Na watu waliokuwa wanalijua neno lile kwa mpangilio ule, waliolisikia mezani, kitandani, mlangoni, kwenye baridi ya asubuhi za shule, hawakuwa wengi. Alikuwa mmoja.

Akageuza uso polepole kuelekea safu ya tatu.

Karani alitamani ardhi ipasuke. Hakuona hasira katika macho ya Dada, na ingekuwa afadhali angeiona. Dada alikuwa anamtazama vilevile alivyomtazama zamani, Karani mdogo alipovunja dirisha la mwenye nyumba, mwenye nyumba yuko mlangoni, na mtu mzima inabidi aamue haraka atasema nini.

"Mama," Mwenyekiti aliuliza, "kumbuka umeapa. Fomu hii ni yako?"

Dada akamgeukia tena Mwenyekiti.

"Ni yangu," Dada alisema.

"Ulihojiwa?"

"Nilihojiwa."

"Ukasema utaimudu?"

"Nilisema. Ndivyo ninavyosemaga."

Ukumbi ulichafuka. "Kibaraka," mwanamume mmoja alisema, bila hata kupaza sauti sana. Mwingine akauliza amenunuliwa kwa tiketi ngapi. Fundi Redio alisimama akavua kofia.

"Mama, sisi tulikuchagua kwa miguu yako," alisema. "Kumbe miguu inakwenda huku na mdomo unakwenda kule."

Dada akainamisha kichwa akayapokea yote. Alikuwa ameitupa nauli, kazi, na heshima yake mtaani, kwa maneno mawili. Na Karani, ambaye alikuwa na shahada, alikaa kwenye kiti chake kizuri chenye mto akahesabu taa za darini, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuweka macho.

Taa zilikuwa kumi na nne. Alipoifikia ya kumi na nne akapiga moyo konde, akasimama.

"Mheshimiwa, mimi ndiye karani wa fomu hiyo."

Kikokotoo akageuka akatabasamu, akidhani msaidizi wake anakwenda kuthibitisha. Karani akapita mbele yake, akapanda, akaapa kwa sauti iliyokauka.

"Huyu mama sikumhoji," alisema. "Sikumhoji yeye wala wale wengine. Kuanzia namba mia mbili ishirini na moja mpaka mia tatu nilizijaza nyumbani, mezani kwangu. Mvua ilikuwa inanyesha. Niliandika Ndiyo zote kwa sababu Hapana ina maswali kumi na moja."

Tabasamu la Kikokotoo lilikauka usoni kama gundi. Unaweza kumsamehe, kwani alikuwa mtu aliyeziamini namba kama wengine wanavyomwamini daktari.

Mwanasheria hakutishika hata kidogo.

"Binti karani, unamfahamu shahidi huyu nje ya ukumbi huu?"

Karani alifungua mdomo, lakini Dada akamwahi.

"Ni mdogo wangu, Mheshimiwa. Tumbo moja. Nimemlea mimi." Sauti yake ilikuwa imetulia, ile ya kutulizia wenye nyumba. "Msimsikilize. Ananionea huruma, mmeona watu walivyonizomea. Tangu mdogo ndivyo alivyo, akiona nimeguswa hakai. Fomu ni yangu, alinihoji nyumbani, basi."

"Dada, usifanye hivyo," Karani alisema.

"Nyamaza."

"Sio kweli, Mheshimiwa."

"Nimesema nyamaza."

Mwanasheria alikunjua mikono kumwonyesha Mwenyekiti kwamba yeye hana haja ya kuongeza neno. Watu ukutani walianza kutikisa vichwa. Hata wao waliamini. Ndiyo hivyo, msomaji, Karani amesema kweli kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, na ukumbi mzima umemwona mwongo mwenye moyo mzuri.

"Binti, nimekuelewa," Mwenyekiti alisema kwa upole. "Damu ni damu. Lakini siwezi kuzitupa fomu themanini kwa sababu mtu anampenda dada yake. Kaa chini kabla hujajiharibia kazi."

Angeweza kukaa. Jioni angempelekea Dada nauli ya mwezi ndani ya bahasha, na Dada angeipokea, na wasingelizungumza tena mpaka kufa. Njia ilikuwa wazi, na Dada ndiye aliyeifungua.

"Basi naomba isomwe fomu ya mwisho," Karani alisema. "Namba mia tatu."

Hapa sina budi kukiri kitu. Fomu hii nimekuficha tangu sehemu ya kwanza, kwa sababu Karani naye alikuwa anajificha nayo. Ile Jumapili, alipofika namba mia mbili tisini na tisa, watu walikuwa wamemwishia. Alikwisha kuwatumia majirani, walimu wake wote, muuza mkaa, kinyozi, mpaka nesi aliyewahi kumchoma sindano. Ilibaki fomu moja na hakuwa na mtu wa kuitia.

Kwenye fomu kuna nafasi ya jina, na pembeni pameandikwa kwamba si lazima. Zote themanini kasoro moja aliziacha wazi. Ya mwisho aliiandika jina, majina yote matatu, polepole, kwa sababu ilikuwa miaka mingi hajaliandika mahali popote na alitaka tu kuliona limeandikwa. Akampa miaka sabini na mmoja, ambayo mwenyewe hakuifikia. Akampa kituo cha kushukia. Akalia kidogo, peke yake, mvua ikipiga dirishani.

Kisha akamwekea alama kwenye Ndiyo. Hata kwake hakutaka kujaza Sehemu C.

Mwanasheria aliitafuta, akaitoa, akaisoma kwa sauti ya kuchoka.

"Mwanamke, miaka sabini na mmoja. Basi, moja. Nauli ikipanda utaimudu? Ndiyo. Jina lipo, sitalisoma, ni siri ya mhojiwa."

"Hana siri tena," Karani alisema. "Mwonyesheni shahidi. Analijua jina hilo. Mkitaka kulihakikisha, liko kwenye daftari la mazishi la jiji, mwaka wa ishirini na mbili sasa."

Mwenyekiti akamwashiria katibu wa Baraza.

Katibu alimpelekea Dada karatasi. Dada akatafuta miwani mkobani, akaikosa, akaipata, akaivaa. Kidole chake kikaanza juu, kwenye jina la mama yao, kikakaa hapo muda mrefu. Kikashuka kwenye umri. Kikashuka kwenye ile alama ya Ndiyo. Kikafika mstari wa maelezo, na Karani, aliyekuwa anajua kilichoandikwa pale, akafumba macho.

Dada akausoma kwa sauti, neno kwa neno, kama wanavyosoma watu waliojifunza kusoma ukubwani.

"Mwanangu, mkubwa, atanilipia."

Hakulia. Aliirudisha karatasi kwa katibu kwa mikono miwili, akausogeza mkoba begani.

"Mheshimiwa, fomu ile ya kwanza si yangu," alisema. "Hakuna aliyenihoji. Niliapa uongo mbele yako, na nitajibu huko mtakakonipeleka."

Minong'ono ilianza kupanda kutoka nyuma. Mwenyekiti akainua mkono. Alisema jalada la fomu lifungwe kwa lakiri hapohapo, pasiwepo wa kuligusa, na uamuzi wa nauli usitishwe mpaka Ijumaa. Kisha akawaita walinzi wawili, wasimame karibu na hawa mashahidi, wasitoke.

Fundi Redio alikuwa anampigia Dada makofi, peke yake, machozi yanamtoka. Dada hakumwona.

Karani akasogea hatua moja kuelekea kwake. Mlinzi akamshika kiwiko. "Dada," akasema. "Dada, nisikilize."

Dada alikuwa bado anamtazama Mwenyekiti.

"Kuna kingine nilichokisema hapa," akasema. "Naomba nacho mkifute. Nilisema huyu ni mdogo wangu."

Kalamu ya katibu ilisimama hewani.

"Huyu simjui."